Kaka Amekubali Kwenda

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zetu wewe, shemeji na watoto, na Mungu awajalie ziwakute wazima kama tunavyowaombea kila siku. Sisi huku tunamshukuru Mola. Mama mzima, ni magoti tu yanayomsumbua asubuhi, lakini ulimi hauna ugonjwa wowote. Jana amenigombeza mara mbili kabla sijanawa uso. Mimi nami sijambo, nimenenepa kidogo, na ukinicheka ujue tumetoka tumbo moja, zamu yako inakuja. Watoto wanasoma? Yule mdogo ameacha kuuma wenzake? Nimeletewa picha yake na mtu aliyetoka huko, nikaona paji la uso la Mama limehamia kwake lote bila kubaki.

Ujumbe wako niliupata. Katika yote uliyowahi kuniandikia ulikuwa mfupi kuliko mingine, maneno matatu tu: ni kweli alifanya? Sikukujibu, na najua umenuna, maana nakujua ukinuna hata kwa mbali. Simu niliishika nikaiweka chini si mara moja. Mama ndiye aliyenizuia. Alisema habari nyingine hazisemwi kwenye simu, mtu akazipokea amesimama kwenye foleni ya duka na mfuko wa sukari mkononi. Akaniagiza niandike barua, uisome umekaa. Kwa hiyo kaa, dada yangu.

Najua mambo si mepesi nyumbani kwako. Uliolewa huko kabla ya vita, wanao ni wa huko, na majirani unaoazimana nao chumvi ni watu ambao jeshi letu liliwachomea nyumba, kama jeshi lao lilivyotuchomea sisi. Na sasa picha ya ndugu yako imo kwenye magazeti yenu, na ukweni wanakutazama mezani. Najua pia magazeti ya huku na ya huko yanasema vitu viwili vinavyopingana, na yote yanauzika vizuri. Basi nianze mwanzo, taratibu, mpaka nifike kwenye swali lako. Usiruke kurasa.

Sheria yetu ya zamani unaikumbuka: raia wa hapa hakabidhiwi kwa nchi nyingine, awe amefanya lolote. Baada ya amani serikali zetu mbili zikaandikiana mkataba wa kupeana watuhumiwa wa mauaji ya wakati wa vita, hata kama ni raia wao wenyewe, na bunge likaibadilisha sheria huku wabunge wakirushiana maneno ya watoto wa shule. Haukupita muda nchi yenu ikaomba watu watatu. Wa kwanza ni Kapteni, ambaye sasa anauza saruji na ana nyumba yenye ukuta mrefu kuliko wa gereza. Wa pili ni Mpishi, aliyekuwa akipikia kikosi chao. Wa tatu ni kaka yetu, aliyekuwa dereva wa lori. Inadaiwa kwamba mwaka wa mwisho wa vita waliingia kijiji kimoja cha huko kwenu, wakawakusanya wafyatua matofali kwenye tanuri lao, wakasema ni wapelelezi, wakawapiga risasi. Polisi walimkamata Kaka akiwa ameshika spana, wakamwachia kwa dhamana baada ya siku chache.

Mimi, dada, nilisema ni uongo mtupu. Nilisema barabarani, nilisema sokoni, nilimwambia hata muuza mkaa ambaye hakuwa ameniuliza. Ikaundwa kamati ya kuwatetea mashujaa, Kapteni akiwa nyuma yake na saruji yake, na wakagawa fulana zenye nyuso za wote watatu. Ya Kaka waliitoa kwenye leseni yake ya udereva, ikatoka kama ya mwizi wa mbuzi. Nilivaa hivyo hivyo. Nilivaa mpaka rangi ikapauka. Hoja yangu ilikuwa moja: yeye alikuwa dereva, na dereva kazi yake ni usukani. Kaka mwenyewe hakuwahi kuivaa ile fulana, na nilipomuuliza alisema inambana makwapani.

Unajua jinsi tunavyofanya kazi kwenye shule yetu ya udereva, lakini ulipokuja kututembelea mara ya mwisho ilikuwa na gari moja, na Kaka hakuwa bado na jina alilo nalo sasa. Mji mzima wanamwita Sema Kwanza. Ni kwa sababu ya desturi yake. Mwanafunzi akikosea barabarani, Kaka anakanyaga breki iliyoko upande wa mwalimu, gari linasimama papo hapo, na halitembei tena mpaka mwanafunzi aseme kwa mdomo wake alichofanya. Si kwamba umesahau, wala si kwamba uliogopa. Alichofanya. Sikuangalia kioo. Nimemkata mwenye baiskeli. Honi zitalia, watu watatukana, Kaka atakaa ametulia kama yuko sebuleni. Anasema mtu akipewa nafasi ya kueleza sababu kabla ya kosa, kosa halisemwi tena. Wanafunzi wanamlaani, kisha wanafaulu mtihani, kisha wanatuletea wadogo zao. Kuna mchungaji aliyewahi kukalishwa kwenye makutano mpaka akakiri kwamba alikuwa anamtazama msichana aliyepita. Habari hiyo ilienea mjini kuliko mahubiri yake yote.

Kesi ikaanza kusikilizwa. Jaji ni mama mmoja mwembamba, mkali, anayekunywa maji ya moto kwenye chupa yake mwenyewe na hapendi mtu kukohoa. Kazi yake haikuwa kuamua kama waliua. Hilo ni la mahakama ya huko kwenu. Yeye aliamua tu kama nchi inaweza kuwatoa watu wake. Basi mawakili wakabishana juu ya sheria: imebadilishwa lini, inarudi nyuma au hairudi nyuma, raia ni nani, haki yake inaishia wapi. Ndugu zangu wa kamati walipiga makofi mpaka jaji akatishia kuwatoa. Nilitoka pale nikiona tumeshinda. Hata wakili wa serikali alionekana kama mtu aliyetumwa dukani asikotaka kwenda. Kila mtu alijua uchaguzi uko karibu na hakuna waziri atakayetia sahihi kuwapeleka askari wetu kwa watu tuliopigana nao jana. Kaka alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya na kupinga, basi. Angekufa mzee kitandani mwake.

Kesi ikaahirishwa ili jaji aandae swali la mwisho kwa washtakiwa. Wakati huo ndipo tulipopata mwanafunzi mmoja ambaye lazima nikusimulie.

Alikuja asubuhi, mwanamke wa makamo, ana mikono mipana kama ya mwanamume wa kazi. Mimi ndiye niliyemwandikisha. Matamshi yake yalikuwa ya huko kwenu, lakini siku hizi hilo si ajabu, watu wanavuka mpaka na biashara zao kila wiki. Akasema ana lori lake nyumbani na kila dereva anayemwajiri anamwibia mafuta, kwa hiyo ameamua ajifunze mwenyewe wakati yuko huku kwa shughuli zake. Nikampenda hapo hapo. Mtu anayemchukia mwizi wa mafuta ni ndugu yangu.

Kaka alimfundisha yeye mwenyewe. Dada, sijaona mwanafunzi kama yule. Alikuwa haongei, anasikiliza, na akikosea anasema kabla hata breki haijakanyagwa. Siku ya kwanza alipogusa ukingo wa barabara alisimama mwenyewe akasema nimegonga ukingo kwa sababu nilitaka kuonekana najua. Kaka alirudi ofisini anacheka, na Kaka kucheka ni jambo la kuandikwa. Alisema kama angekuwa na wanafunzi wote wa namna ile angeing'oa breki yake ya pembeni akaiuza.

Kisha tukarudi mahakamani kwa swali la mwisho. Sheria mpya inasema kila mshtakiwa aulizwe uso kwa uso, kwa nafsi yake na si kwa mdomo wa wakili, kama anapinga kukabidhiwa au anakubali. Ni utaratibu tu, wakili alituambia, kama kuulizwa jina lako wakati wanalijua. Kapteni akasimama akasema anapinga, kwa sauti ya gwaride. Mpishi akasema anapinga, kwa sauti ya mtu aliyekabwa na ugali. Kaka akasimama, akafunga kifungo cha koti, akasema anakubali kwenda.

Wakili wake akainuka kama aliyekalia msumari, akaomba dakika chache azungumze na mteja wake. Jaji akamwambia akae. Akavua miwani, akamweleza Kaka polepole maana ya alichosema: kwamba akikubali, ulinzi wa uraia wake katika jambo hili umekwisha na hata sahihi ya waziri haitahitajika, kwamba atachukuliwa na polisi wa nchi nyingine, kwamba huko adhabu ni miaka mingi, na yeye si kijana. Akamuuliza kama ametishwa au ameahidiwa kitu. Kaka akajibu kwamba hakuna aliyemtisha, na kwamba kama kuna kosa katika jibu lake basi ni kuchelewa. Jaji akamuuliza tena mara ya pili, kwa sababu sheria inataka hivyo, na Kaka akajibu vilevile bila kupunguza neno. Nakwambia kweli, nilikuwa na hasira ningeweza kumrushia kiatu. Lakini hata katika hasira ile niliona namna alivyosimama. Sikuwahi kumwona mtu amesimama wima namna ile. Jaji aliandika, na kabla hajaendelea alimtazama Kaka kwa muda, kama mtu anayemheshimu mwenzake.

Nje walitaka kumpiga. Watu wale wale wa fulana. Tulipofika nyumbani ukuta wa upande wa barabara ulikuwa tayari umeandikwa msaliti kwa herufi kubwa, na aliyeandika amekosea hata kupanga nafasi, neno likaishia karibu na bomba la maji. Wanafunzi wakaanza kujitoa. Gari moja likavunjwa vioo vyote. Muuza mkaa niliyemhubiria kuwa ni uongo mtupu akaacha kuniuzia. Mimi nikaenda na ndoo ya rangi nikapaka ukuta, na nilipaka nikiwatukana wote, Kaka akiwemo.

Kapteni akaja mwenyewe na watu wake wawili. Akakaa kwenye kiti cha Mama bila kukaribishwa, akaanza kumweleza kwamba mwanawe anakwenda kuwazamisha wote, kwamba atakachokisema huko kitawafanya na wao wapelekwe, kwamba bado kuna siku za kubadilisha kauli, na kwamba taifa haliwezi kusahau mtu anayewauza ndugu zake wa vita. Mama alimsikiliza, akamwekea chai. Kisha akamuuliza swali moja, kama siku ile alikuwepo kwenye tanuri. Kapteni akaanza tena habari za taifa, mpaka na bendera ikaingia. Mama akamwambia kwamba hajauliza habari za taifa, taifa analijua, amelizalia watoto watatu. Amemuuliza habari za tanuri. Yule bwana aliondoka chai ikiwa kikombe kizima. Mama akaimimina kwenye maua, akasema angalau mtu atafaidika.

Hapo nadhani umeshaanza kuona, na mimi siwezi tena kukuzungusha. Sababu ya Kaka kubadilika ilijulikana na watu wanne tu: yeye, Mama, mimi, na yule mwanafunzi. Sasa wewe ni wa tano.

Ilikuwa siku chache kabla ya swali la jaji. Gari langu lilikuwa gereji, nikapanda nyuma katika la Kaka na yule mwanafunzi ili wanishushe mjini. Yule mama aliendesha vizuri kabisa. Tulipofika katikati ya makutano ya soko, pale penye magari kutoka pande zote, akasimamisha gari. Akavuta breki ya mkono, akazima injini, akachomoa ufunguo na kuufumba mkononi. Kaka alidhani ameingiwa na woga. Akamwambia kwa upole awashe tu, si kitu, hutokea.

Akamjibu kwamba haogopi. Akamwambia yeye ni mtoto wa mwenye lile tanuri. Alikuja huku kwa ajili ya kesi, akakaa kwenye benchi la nyuma peke yake siku zote zile, na siku zote zile alisikia vifungu na raia na haki za raia, wala hakusikia mtu hata mmoja, si wa upande huu wala wa ule, akitaja kwamba kuna watu walikufa. Kwao nako walimwambia aache, amani imekuja, biashara inakwenda, asifukue. Ndipo akajiandikisha kwetu, amwone mtu mwenyewe kwa karibu. Alisema alikuwa anaomba amkute mnyama, ingekuwa rahisi. Badala yake amekuta mwalimu mwema, na jambo hilo limemnyima usingizi kuliko vita. Kisha akamgeukia akamwambia, kwa adabu ile ile aliyokuwa nayo darasani: Mwalimu, sema ulichofanya.

Honi zilikuwa zinalia, dada. Dereva wa basi alitutukana ukoo mzima. Mimi nikajitupa mbele katikati ya viti, nikaanza kumwambia yule mama kwamba Kaka alikuwa dereva tu, kazi yake ilikuwa usukani, yale yale ya fulana. Kaka akainua kiganja bila kugeuka, nikanyamaza.

Akasema. Alikuwa anatazama mbele, kwenye kioo cha gari, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kama anayetoa maelekezo ya kona. Alisema hakukaa kwenye lori. Kapteni alimwita, akampa bunduki, akasema kila mtu apige ili asiwepo wa kusimulia, na yeye akaichukua. Alisema mbele yake alisimama mzee mwenye udongo mbichi mpaka kwenye viwiko. Mzee yule hakuomba aachwe. Aliomba anawe mikono kwanza. Kaka alisema hakumruhusu. Akampiga risasi akiwa na udongo wake. Hakusema aliamriwa, ingawa aliamriwa. Hakusema alikuwa kijana, ingawa wewe na mimi tunajua alikuwa na miaka mingapi, kwa sababu Mama alikuwa bado anamchagulia mashati.

Yule mama akamtazama Kaka usoni. Kisha akasema huyo ndiye. Akasema baba yake hakuwahi maishani kumsalimia mtu kwa mikono yenye udongo. Akalia kidogo, si sana, akajifuta kwa nyuma ya mkono wenye ufunguo. Trafiki akawa amefika dirishani anafoka, na yeye akamwomba radhi, akasema gari lilizimika. Halafu akamwambia Kaka kwamba hawezi kuyapokea maneno yale ndani ya gari kwenye makutano. Akayaseme mahali yatakapoandikwa, mbele ya watu wa kijiji chake. Akawasha gari, akaangalia vioo vyote, akaturudisha mpaka shuleni. Kesho yake alikuja kumalizia somo lake, na Kaka akamfundisha kurudi nyuma na lori. Mimi nilishindwa kutoka ofisini. Wale wawili wana moyo ambao mimi sina, na sioni haya kusema hivyo.

Siku hiyo hiyo ya makutano Kaka alimfuata Mama jikoni, akamweleza yote kama alivyoyaeleza ndani ya lile gari. Mama alikuwa anachambua maharage. Hakusimamisha mikono. Alimuuliza yule mzee alikuwa na umri gani, na Kaka akasema kama wake Mama sasa. Mama akafungua mdomo amwambie, kama anavyotuambia tangu utotoni, anawe mikono ale, na maneno yakamkatikia katikati. Nilikuwa mlangoni, niliona. Akaweka ungo chini. Akamwambia kwamba amemsikia, na kwamba yeye ni mama yake na ataendelea kuwa mama yake, lakini jambo lile halikuwa la kuishia jikoni kwake. Jikoni kwake kulikuwa karibu mno na rahisi mno. Aende akaliseme kwa wenyewe. Kaka akasema ndivyo alivyoamua. Wakamaliza maharage pamoja.

Basi swali lako nimelifikia, dada. Ni kweli. Alifanya.

Sina njia ya kulilainisha, na Kaka angenikasirikia kama ningejaribu. Nimelia, nimevunja sahani, nimeichoma ile fulana, na nimeona haya mbele ya muuza mkaa ingawa yeye ananichukia kwa sababu nyingine kabisa. Kuna siku naamka namfikiria yule mzee na siwezi kumtazama Kaka. Kuna siku namwona Kaka akifua shati lake mwenyewe, taratibu, nami namheshimu kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mwenye saruji atakufa akiitwa shujaa na hajawahi kuwa na ushujaa wa dakika tano za Kaka kwenye makutano. Nayasema yote mawili kwa sababu yote mawili yako moyoni, wala moja halijalifukuza lingine.

Mara baada ya kauli yake kuandikwa wangemweka ndani, lakini jaji amemwachia akae nyumbani mpaka polisi wenu watakapokuja. Tumeambiwa ni wiki ijayo. Hajajificha. Anatengeneza lile gari lililovunjwa vioo na kunionyesha mambo ambayo nilitakiwa niyajue zamani, kama vile kubana mkanda wa injini, kana kwamba anasafiri kwenda harusini.

Amenipa ujumbe nikufikishie na nimeukariri, maana alinirudisha mara mbili nilipokosea. Anasema usibebe aibu yake nyumbani kwa watu. Kama shemeji au wazee wake watakukataza kwenda mahakamani, usiende, hatalalamika. Ukienda, usikae nyuma yake kama ndugu wa mshtakiwa. Yule mama atakuwa peke yake kwenye benchi lake, kwa sababu watu wake wamemwacha, na Kaka anaomba ukae naye. Anasema wewe umeshakuwa mtu wa huko, utamfaa kwa maji na kwa chakula cha mchana.

Na sasa la mwisho, ambalo hata Kaka hajaambiwa. Mama ana pasipoti. Usinione nimechanganyikiwa, nimeishika kwa mkono wangu; kwenye picha amenuna kama anayedai kitu. Miaka yote hii alikataa kuja kwako, wewe unadhani ni kwa sababu ya vita, na kwa kweli ilikuwa hivyo, alishindwa kuwasamehe waliomchomea nyumba. Sasa anakuja. Nilimwambia safari ni ndefu na magoti yake hayafai, akanijibu kwamba hasafiri na magoti, anasafiri na mwanawe. Hajauliza kama utampokea, kwa sababu yeye hawezi kuuliza jambo la namna hiyo. Mimi ndiye ninayeuliza. Zungumza na shemeji, zungumza na mama mkwe wako kwa upole wako ninaoujua, kisha nijibu upesi, hata kwa maneno matatu kama ulivyozoea.

Tusalimie wote nyumbani, mkubwa na mdogo. Majirani wachache waliobaki wanakusalimia. Kaka anakusalimia, yuko chini ya gari naona miguu tu. Mungu akulinde pamoja na nyumba yako, na kama barua hii imekuumiza, unisamehe kwa kuwa ni mimi niliyeishika kalamu.

Ni mimi mdogo wako, kitinda mimba,
mwalimu wa gari la pili.

Nimefungua bahasha tena. Mama ameniuliza kama nimekueleza atakaa wapi siku ya kesi. Nikamwambia nimeandika tu kwamba anakuja. Amesema nikuandikie kwamba wewe ukae na yule mama kama Kaka alivyoomba, na yeye atakaa katikati yenu, amshike mkono yule mama. Nilimuuliza kama haoni vibaya mwanawe amwone upande ule. Akasema ndiyo maana anakwenda: siku mwanawe atakapotaja maji ya kunawa aliyomnyima yule mzee, akiinua macho amwone mama yake kule kule alikokaa mfiwa.